Wodi Kabla ya Cheti: Mwanafunzi wa Uuguzi wa Marekani na Haki ya Kuchagua Hospitali

Katika taaluma nyingi mtu husoma kwanza, kisha hutafuta kazi. Katika uuguzi wa Marekani mambo yalianza kinyume, kwa kuwa kwa takriban miaka 70 tangu shule za mwanzo zifunguliwe, kusoma na kufanya kazi vilikuwa kitu kimoja, na hospitali aliyoingia binti siku ya kujiunga na masomo ndiyo iliyokuwa mwajiri wake, mwenye nyumba wake, mwalimu wake na mwamuzi wa mwenendo wake. Hali ya leo, ambapo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kushika barua mbili au tatu za ajira kabla hajafanya mtihani wa leseni, akalinganisha wodi, zamu na mishahara, haikuletwa na ukarimu wa hospitali, na wala haikukua yenyewe. Ilitokana na sheria zilizopiganiwa, na vyama vya wauguzi wenyewe, na anguko la uchumi pamoja na vita, na haikuwafikia wote kwa wakati mmoja. Historia yake inastahili kusimuliwa kwa urefu, hasa kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayezijua shule za uuguzi zilizozaliwa ndani ya hospitali za misheni na za serikali, na ambaye kwa hiyo ataona sura nyingi zisizo ngeni kwake.

Katika miaka ya mwanzo ya 1870, hesabu moja ya hospitali nchini Marekani ilipata 178 tu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa mahali pa maskini wasio na ndugu wa kuwatunza, kwa sababu mtu mwenye nafasi aliugulia nyumbani kwake na daktari alimfuata huko. Katika Hospitali ya Bellevue mjini New York, baadhi ya waliowahudumia wagonjwa walikuwa wanawake waliohukumiwa vifungo vifupi kwa makosa madogo ya mjini. Mfano wa kuirekebisha hali hiyo ulitoka London, ambako Florence Nightingale alikuwa amefungua shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas mwaka 1860, kwa kanuni kwamba wanafunzi wawe chini ya metroni, yaani mwanamke mwenye mamlaka kamili juu ya uuguzi wote wa hospitali, kwamba waishi katika bweni lenye uangalizi, na kwamba wajifunze kazi kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwaka 1873 shule tatu za mfano huo zilifunguliwa Marekani: ya Bellevue, ya Connecticut mjini New Haven, na ya Boston katika Hospitali Kuu ya Massachusetts.

Tofauti moja kati ya London na Marekani ilizaa karibu kila kitu kilichofuata. Shule ya Nightingale ilikuwa na mfuko wake wa fedha, uliochangwa na umma wa Uingereza wakati wa vita vya Crimea, na kwa hiyo ingeweza angalau kujadiliana na hospitali iliyoipa nafasi ya kufundishia. Shule za Marekani zilianzishwa na kamati za wanawake wenye moyo lakini wasio na mtaji wa kudumu, na kwa kuwa hakukuwa na fedha za kuwalipa walimu wala kuwalisha wanafunzi, gharama zote zililipwa kwa jasho la wanafunzi wenyewe. Bellevue ilimtaka mwanafunzi akubali kubaki miaka miwili, wa kwanza ukiwa wa kujifunza na wa pili ukiwa wa utumishi, akipewa posho ya dola chache kwa mwezi ambayo haikuitwa mshahara. Haikuchukua muda mrefu hospitali zikazimeza shule hizo, na kamati zilizoziunda zikabaki bila sauti.

Namna maisha hayo yalivyokuwa inajulikana vizuri kutokana na kumbukumbu za Linda Richards, anayehesabiwa kuwa muuguzi wa kwanza aliyehitimu mafunzo nchini humo, ambaye alimaliza mwaka 1873 katika hospitali ya wanawake na watoto ya New England mjini Boston. Wanafunzi waliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kutoka wodini saa tatu usiku, wakaenda kulala katika vyumba vidogo vilivyokuwa katikati ya wodi, ili mgonjwa akiita usiku mwanafunzi yuleyule aliyemhudumia mchana ainuke tena. Kila mmoja alikuwa na wagonjwa sita, mchana na usiku. Hakukuwa na vitabu vya kiada, wala mtihani wa kuingia, wala wa kutoka. Mapumziko yalikuwa alasiri moja kila baada ya wiki mbili. Yeye mwenyewe, baada ya kupata cheti, alikwenda Bellevue kuwa msimamizi wa usiku, na huko ndiko alikoanza kuandika maelezo ya hali ya kila mgonjwa kwa ajili ya zamu inayofuata, desturi ambayo leo hakuna wodi inayoweza kuishi bila hiyo. Mwaka 1874 alirudi Boston kuiongoza shule ya Hospitali Kuu ya Massachusetts. Nafasi za aina hiyo zilimwangukia kwa kuwa aliwatangulia wengine wote, na shule mpya zilikuwa zikitafuta viongozi kila upande. Waliokuja nyuma yake hawakukuta mlango ulio wazi namna hiyo.

Hesabu za hospitali zilikuwa rahisi kueleweka. Hospitali ndogo ya vitanda 30 iliyofungua shule ilipata wafanyakazi wa saa 10 au 12 kwa siku kwa gharama ya chakula, bweni, sare na posho, na kwa hiyo shule ziliongezeka kwa kasi ambayo haikuwa na uhusiano wowote na mahitaji ya elimu: zilikuwa 15 mwaka 1880, zikafika 432 mwaka 1900, na katikati ya miaka ya 1920 zilikuwa zimepita 2,000. Muda wa mafunzo nao ulirefushwa kutoka miaka miwili hadi mitatu, na kwa maneno ya wazi sababu kubwa ilikuwa kwamba mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliweza kuendesha wodi nzima bila kulipwa kama muuguzi. Baadhi ya hospitali zilikwenda mbali zaidi, zikawakodisha wanafunzi kwa familia zenye wagonjwa majumbani na kuweka malipo katika hazina ya hospitali. Mwanafunzi aliyepelekwa hivyo hakuwa amechagua nyumba, mgonjwa wala muda, na kwa wiki hizo zote hakuwa akifundishwa lolote na yeyote.

Uchaguzi pekee wa kweli, basi, ulikuwa ule wa kuingia, nao ulifanywa gizani. Binti wa kijijini aliandika barua ya maombi kwa hospitali aliyoisikia kwa mchungaji wake au kwa binamu yake, akaambatanisha uthibitisho wa afya na tabia njema, akasubiri. Akikubaliwa alianza kipindi cha majaribio, yaani wiki au miezi kadhaa ambamo metroni angeweza kumrudisha kwao bila kueleza sababu, na akivuka alivishwa kofia ya shule yake. Kila shule ilikuwa na mshono wake wa kofia, na kwa maisha yake yote muuguzi alitambulika kwa kofia hiyo ametoka wapi. Ilikuwa fahari ya kweli, na haifai kuidharau, lakini pia ilikuwa alama ya hospitali moja juu ya kichwa cha mtu ambaye hospitali hiyo haikukusudia kumwajiri.

Hapa ndipo penye jambo ambalo msomaji wa leo huona gumu kuliamini. Siku ya mahafali ilikuwa siku ya kuondoka, kwa sababu hospitali yenye shule haikuwa na haja ya muuguzi aliyehitimu: kazi yake ilikwisha kuchukuliwa na mwanafunzi wa mwaka uliofuata. Nafasi za hospitalini zilizomngoja mhitimu zilikuwa za usimamizi tu, nazo zilikuwa chache. Wengi, katika miaka ya 1920 wakiwa kama robo tatu ya wauguzi wote, waliingia katika uuguzi wa binafsi, ambao maana yake ni kuajiriwa na familia moja kumtunza mgonjwa mmoja nyumbani kwake, na baadaye hata hospitalini, hadi apone au afe. Kazi ilipatikana kupitia ofisi za daftari, ambazo zilikuwa orodha za majina ya wauguzi wanaopatikana. Nyingine ziliendeshwa na vyama vya wahitimu wa hospitali fulani, nyingine na vyama vya madaktari, nyingine na wafanyabiashara waliokata sehemu ya malipo. Muuguzi aliyeandikishwa alikaa katika chumba cha kupanga, mkoba wake ukiwa tayari, karibu na simu, akijua kwamba akikosekana simu inapolia jina lake litashuka chini ya orodha. Alipoitwa alikaa na mgonjwa saa 24, akilala kwenye kitanda cha kukunja katika chumba kilekile. Ugonjwa ulipokwisha alirudi kwenye simu, na wiki za kungoja hazikulipwa na mtu.

Kwa wanawake weusi hata uchaguzi ule wa kuingia ulikuwa umefungwa karibu kila mahali. Mary Eliza Mahoney alihitimu katika hospitali ileile ya Linda Richards mwaka 1879, akiwa muuguzi mweusi wa kwanza nchini humo kupata mafunzo kamili. Kati ya wanafunzi 42 walioanza pamoja naye, wanne tu ndio waliomaliza kozi ile ya miezi 16, jambo linaloonyesha ugumu wake kuliko maelezo yoyote. Naye pia alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika uuguzi wa binafsi. Shule nyingi za kaskazini ziliwakataa waombaji weusi au ziliwakubali kwa kuhesabu, na zile za kusini zilikuwa za weupe watupu, ndiyo maana jamii nyeusi ilijenga zake: Spelman mjini Atlanta ilianza kufundisha wauguzi mwaka 1886, na Hospitali ya Provident mjini Chicago ilianzishwa mwaka 1891 na daktari Daniel Hale Williams baada ya Emma Reynolds kukataliwa na shule za uuguzi za mji huo kwa sababu ya rangi yake. Kwa mwanafunzi wa Provident au wa hospitali ya Freedmen's mjini Washington, ramani ya Marekani iliyojaa maelfu ya hospitali ilikuwa na nukta chache tu ambako angeweza kufanya kazi kwa sare ya muuguzi. Mwaka 1908 Martha Minerva Franklin aliwakusanya wauguzi 52 mjini New York, wakaunda chama cha taifa cha wauguzi wahitimu weusi, na moja ya kazi kubwa za chama hicho kwa miaka 40 iliyofuata ilikuwa kuiongeza idadi ya nukta hizo.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja kwa sheria. Kuanzia mwaka 1903, North Carolina ikitangulia na New Jersey, New York na Virginia zikifuata mwaka huohuo, majimbo yalianza kusajili wauguzi, na ingawa usajili wa mwanzo ulilinda jina tu, yaani ulimzuia asiyesajiliwa kujiita muuguzi msajiliwa bila kumzuia kuuguza, uliilazimisha kila shule ijiulize kama wanafunzi wake wangeweza kufaulu mbele ya bodi ya jimbo. Sheria yenye meno zaidi ilitoka California, ambayo mwaka 1913 iliwaingiza wanafunzi wa uuguzi katika kanuni ya saa nane za kazi kwa wanawake. Kesi iliyotoka katika hospitali moja ya Oakland ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ikidai pamoja na mambo mengine kwamba haikuwa haki kuwawekea wanafunzi kikomo huku wauguzi waliohitimu wakiachwa nje ya sheria. Mwaka 1915 mahakama iliithibitisha sheria hiyo. Hukumu hiyo haikumpa mwanafunzi ajira ya baadaye, lakini ilimtambua kuwa mfanyakazi, na hospitali ambayo saa za wanafunzi wake zimewekewa kikomo haikuwa na hakika tena kwamba kazi ya mwanafunzi ni ya bure. Hukumu hiyo inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa.

Utafiti ulifuata. Ripoti iliyoandikwa na Josephine Goldmark na kutolewa mwaka 1923, chini ya kamati iliyoongozwa na Charles-Edward Winslow na kugharamiwa na mfuko wa Rockefeller, ilieleza kwa ushahidi namna masomo yalivyokuwa yakiachwa kila wodi ilipopungukiwa watu, na namna wanafunzi walivyorudiarudia kazi za usafi na za kubeba vyombo muda mrefu baada ya kuwa hazina tena la kuwafunza. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Yale kilifungua shule ya uuguzi yenye mkuu wake na bajeti yake, Annie Goodrich akiwa wa kwanza kuiongoza. Mwaka 1928 mtakwimu May Ayres Burgess alitoa uchunguzi mwingine, uliodhihirisha kwamba shule zilikuwa zikitoa wauguzi wengi kuliko kazi zilizokuwepo, huku hospitali zilezile zilizowafundisha zikiendelea kuhudumia wagonjwa kwa mikono ya wanafunzi. Ushahidi huo haukuzibadilisha hospitali nyingi. Kilichozibadilisha ni njaa.

Uchumi ulipoanguka mwaka 1929, familia za tabaka la kati hazikuweza tena kumlipa muuguzi wa nyumbani, na simu zile za ofisi za daftari zikanyamaza. Wauguzi waliokuwa na vyeti walijitokeza hospitalini wakiomba kufanya kazi kwa chakula na malazi tu. Wakati huohuo hospitali ndogo ziligundua kwamba shule, yenye walimu ambao bodi za majimbo sasa zilidai wawepo, imekuwa ghali kuliko muuguzi aliyehitimu anayekubali malipo madogo, na kwa hiyo mamia ya shule yalifungwa. Kutoka zaidi ya 2,000 zilibaki takriban 1,300 mwanzoni mwa miaka ya 1940. Jambo jingine lilikuwa likitokea kando, ambalo watu wa wakati ule hawakulihusisha na uuguzi hata kidogo. Mwaka 1929 hospitali ya Baylor mjini Dallas ilikubaliana na walimu wa shule wa mji huo kwamba kila mmoja alipe senti 50 kwa mwezi, naye akiugua atapata hadi siku 21 za kulazwa. Mpango huo ulienea na kuwa bima ya hospitali ya Blue Cross, na bima ilipowaleta hospitalini watu waliokuwa wakiugulia nyumbani, kazi ya muuguzi nayo ilihama nyumbani ikaenda wodini. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa ajira ya muuguzi wa wodi mwenye cheti na mshahara, ambayo bila hiyo hakuna hospitali ya kuchagua.

Vita Vikuu vya Pili viliugeuza upungufu wa kazi kuwa upungufu wa watu katika miaka michache. Majeshi yalichukua wauguzi kwa makumi ya maelfu, viwanda viliwalipa wasichana mishahara ambayo hakuna bweni la hospitali lililoweza kushindana nayo, na wodi za raia zikabaki tupu. Frances Payne Bolton, mbunge kutoka Ohio aliyekuwa amegharamia elimu ya uuguzi kwa fedha zake kwa miaka mingi, alipeleka bungeni muswada uliopitishwa bila kura ya kupinga na kutiwa saini mwezi Juni 1943, ukaunda Kikosi cha Wauguzi Kadeti chini ya Idara ya Afya ya Umma. Serikali kuu ililipa ada, vitabu na sare, pamoja na posho ya dola 15 kwa mwezi katika miezi tisa ya mwanzo na dola 20 baada ya hapo. Shule kwa upande wake zililazimika kufupisha mafunzo kutoka miezi 36 hadi 30, na miezi sita iliyosalia ikawa ya utumishi. Kadeti aliahidi kubaki katika uuguzi muhimu, wa kijeshi au wa kiraia, hadi mwisho wa vita, ahadi ambayo haikuwa na adhabu ya kisheria kwa aliyeivunja. Sare ilikuwa ya kijivu yenye mabega mekundu na kofia bapa, na mabango yake yalibandikwa kila mahali. Chini ya uongozi wa Lucile Petry, mwanamke wa kwanza kuongoza kitengo kikuu cha Idara hiyo, shule 1,125 zilijiunga na wasichana zaidi ya 179,000 wakaandikishwa, ambao zaidi ya 124,000 walihitimu.

Miezi ile sita ya mwisho ndiyo inayolihusu zaidi suala hili. Kadeti mwandamizi, kama alivyoitwa katika hatua hiyo, aliruhusiwa kueleza mahali alipotaka kuitumia: hospitali yake ya nyumbani, hospitali nyingine ya raia, hospitali ya jeshi la nchi kavu au la majini, ya maveterani, ya Idara ya Afya ya Umma, ya watu wa asili wa Marekani, au kazi ya afya ya jamii vijijini. Hospitali iliyompokea ilipaswa kumlipa si chini ya dola 30 kwa mwezi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanafunzi wa kawaida wa uuguzi, si kiongozi mteule kama Richards, kukaa na orodha ya sehemu za kazi mbele yake akiwa bado mwanafunzi, na kujiuliza kama anataka wodi ya majeruhi au zahanati ya wakulima. Uhuru huo haukuwa kamili, kwa sababu hospitali nyingi za nyumbani hazikutaka kuwaachia watu ambao tayari walikuwa wakibeba sehemu kubwa ya kazi, na wengi walibaki walipokuwa. Kwa makadirio yaliyotolewa wakati huo, makadeti walitoa takriban asilimia 80 ya huduma ya uuguzi katika hospitali za raia nchini. Hata hivyo wazo lilikuwa limeshawekwa katika sheria ya nchi kwamba mwanafunzi ana mapenzi yake kuhusu mahali pa kazi na kwamba mapenzi hayo yaulizwe, na wazo la aina hiyo likishaingia halitoki kirahisi.

Sheria ya Bolton ilikataza pia ubaguzi wa rangi na imani, na wanawake weusi wapatao 3,000 walipita katika kikosi hicho, pamoja na mamia ya Wamarekani wenye asili ya Japani ambao baadhi yao walitoka katika kambi walizofungiwa na serikali ileile iliyowalipia ada. Cheti, hata hivyo, kilikuwa jambo moja na ajira ilikuwa jambo jingine. Jeshi la nchi kavu lilikuwa limepanga mwaka 1941 kuchukua wauguzi weusi 56 tu. Mabel Staupers, aliyekuwa katibu mtendaji wa chama cha wauguzi wahitimu weusi tangu mwaka 1934, alilipinga jambo hilo bila kuchoka, akakutana na Eleanor Roosevelt mwezi Novemba 1944, na nafasi yake ya kuibana serikali ilifika Januari 1945, Rais Franklin Roosevelt alipopendekeza wauguzi waandikishwe jeshini kwa lazima. Staupers aliuliza hadharani inakuwaje taifa lilazimishe wauguzi huku likiwakataa wale wanaojitolea, umma ukamwunga mkono, na mwezi huohuo jeshi liliondoa kikomo chake. Muswada wa lazima wenyewe uliachwa Ujerumani iliposalimu amri. Chama cha Wauguzi cha Marekani kilifungua uanachama kwa weusi mwaka 1948, na mwaka 1951 chama cha Staupers kilijivunja kwa hiari.

Baada ya vita mambo yalikwenda haraka. Sheria ya Hill-Burton ya mwaka 1946 ilimwaga fedha za serikali kuu katika ujenzi wa hospitali, na kila hospitali mpya ilihitaji wauguzi. Majimbo, yaliyoanza mwaka 1944 kutumia mtihani mmoja wa leseni ulioandaliwa kwa pamoja, yalikuwa yote yamejiunga nao kufikia mwaka 1950, hivyo mpaka wa jimbo ukapungua uzito kwa mhitimu aliyetaka kuhama. Ripoti ya Esther Lucile Brown ya mwaka 1948 ilishauri elimu ya uuguzi ihamie vyuoni, na mwaka 1952 Mildred Montag alianzisha mafunzo ya miaka miwili katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya ada nafuu. Katika miongo iliyofuata shule za hospitali zilipungua hadi zikawa chache. Mwanafunzi aliacha kuwa mali ya wodi moja. Sasa alifika wodini mara kadhaa kwa wiki kama mgeni wa mafunzo, akapitia hospitali mbili au tatu kabla ya kumaliza, na akaziona zote kwa macho ya mtu anayeweza kuondoka.

Hospitali zilichelewa kuelewa maana ya macho hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, uhaba wa wauguzi ulipokuwa mkali, taasisi ya taaluma ya uuguzi ya Marekani iliamua kuuliza swali lililopinduliwa: badala ya kutafuta kwa nini wauguzi wanaondoka, itazame hospitali ambako hawaondoki. Kati ya hospitali 163 zilizochunguzwa, 41 zilionekana kuwavuta na kuwashika wauguzi, na ripoti ya mwaka 1983 ikazifananisha na sumaku. Zilichokuwa nacho kwa pamoja ni kwamba mkuu wa uuguzi aliketi katika uongozi wa juu, muuguzi aliamua mambo ya mgonjwa wake kwa ujuzi wake, madaktari walimsikiliza, na watu wa zamu walitosha. Kutokana na ripoti hiyo uliundwa utaratibu wa kuzitambua hospitali za namna hiyo kwa ithibati, na ya kwanza kuipata, mwaka 1994, ilikuwa hospitali ya Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Hospitali zilizowahi kudai barua za tabia njema kutoka kwa wasichana sasa zilitafuta barua ya namna hiyo kwa ajili yao zenyewe.

Katika karne ya 21 uchaguzi umerudishwa tena ndani ya kipindi cha masomo, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kazi za likizo zinazolipwa, ambamo mwanafunzi aliyekaribia kumaliza husaidia wodini chini ya muuguzi mwenye leseni, na msimamizi anayemwona kwa miezi miwili mara nyingi humwahidi nafasi kabla ya mtihani. Ya pili ni programu za mwaka mmoja za kumlea mhitimu mpya, zinazofanana kwa kiasi na utarajali, ambazo zilianza kuenea baada ya mwaka 2002. Zote mbili zina manufaa makubwa, kwa kuwa mwaka wa kwanza ndio unaowafukuza vijana wengi katika kazi hii, lakini baadhi ya waajiri huambatanisha nazo mkataba unaomtaka muuguzi arudishe gharama za mafunzo akiondoka kabla ya miaka miwili, na mkataba huo unapaswa kusomwa kwa makini kuliko kiwango cha bonasi kilichoandikwa juu yake.

Kuhusu kitu gani mwanafunzi akiangalie kwanza, mwaka 2002 ulileta jibu lenye uzito wa takwimu. Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliochunguza hospitali 168 za jimbo hilo, walionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi wa wodi ya upasuaji huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30, na la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuchoka kabisa na kazi. California ilikuwa imeshapitisha sheria mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2004, inayoweka idadi ya juu ya wagonjwa kwa kila muuguzi, wawili katika wodi ya wagonjwa mahututi na, tangu mwaka 2005, watano katika wodi za kawaida za tiba na upasuaji. Katika majimbo mengi mengine hakuna sheria inayotaja idadi hiyo, na tangazo la kazi haliitaji pia, hivyo mwanafunzi huipata kwa kumwuliza muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi anayoitaka, kabla hajatia saini.